Yah: Taa za Gari Letu na Kauli Niliyoitoa Msibani Namasakata

Mpendwa mke wangu, Mama Zuhura,

Kwa heshima unayostahili, na ambayo sikukupa ilipohitajika, husika na kichwa cha barua hii. Madhumuni yangu ni mawili. La kwanza ni kukiri mbele yako, na mbele ya wazee wa Namasakata watakaosomewa, kwamba maelezo niliyoyatoa siku ya maziko ya mama mkwe hayakuwa ya kweli. La pili ni ombi, nalo nimeliweka mwishoni kama utaratibu unavyotaka. Nimeiacha barua wazi, bila kuifunga kwenye bahasha, kwa sababu uwongo wenyewe niliusema wazi.

Unajua kwamba niliishia darasa la saba na lugha ya barua nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma matangazo yanayobandikwa kwenye mbao za ofisi. Kwenye meza yangu pale Msamala nimewaandikia watu maombi ya viwanja, malalamiko ya mipaka na rufaa za kila namna. Leo ni mara ya kwanza ninaandika shauri ambalo mkosaji ni mimi, na nimechana karatasi nne kabla ya hii.

Naomba nianze na taa, kwa kuwa jambo lote lilianzia hapo.

Utakumbuka tulivyokuwa tukirudi kutoka harusini Peramiho, jua limeshazama, taa za gari letu zikitoa mwanga wa njano usiozidi wa kibatari. Uliinama mbele hadi paji la uso likakaribia kioo, ukawa unanisomea barabara. “Baiskeli, upande wako. Shimo. Mbuzi wawili, hapana, watatu. Sasa nyoosha.” Nilikuita utingo wangu. Ukajibu, “Utingo gani anafika nyumbani anaanza kumpikia dereva?” Tulicheka mpaka Ruhuwiko. Miaka mitatu uliendelea kuifanya kazi hiyo, nami nikaizoea kiasi cha kusahau kwamba ilikuwa kazi.

Ulinishauri mara nyingi nilipeleke gari kwa fundi wa umeme. Sikupenda kuambiwa na fundi jambo ambalo sikulijua. Nikanunua balbu mpya. Zilipowaka hafifu kama zile za zamani, nilimwandikia mwenye duka malalamiko ya kurasa tatu, nikakusomea barazani kwa sauti. Ulisikiliza hadi mwisho, ukichambua mboga, kisha ukasema, “Umeandika vizuri, Baba Zuhura. Lakini taa bado haziwaki.” Nilikasirika. Baadaye nikatafuta balbu kubwa zaidi, zenye nguvu karibu mara mbili, na ndani ya wiki moja plastiki inayoshika balbu ya kushoto ikayeyuka. Nikasikia mahali kwamba dawa ya meno hung’arisha vioo vya taa, nikamaliza tyubu yako nzima. Ziling’aa siku chache, kisha ukungu wa njano ukarudi. Hapo nikatunga kanuni ya nyumba, kwamba gari letu halisafiri baada ya magharibi. Niliitamka kana kwamba imetoka bungeni, kumbe ilikuwa njia ya kuficha kwamba nimeshindwa.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokukuta siku ile simu ilipopigwa kutoka Namasakata saa kumi na moja jioni. Mama yako mdogo alisema hali ya mama ni mbaya na anakuuliza. Kabla sijavaa viatu ulikuwa umeshafunga mkoba wako: kanga mbili, msala, na kichupa cha asali ambayo mama aliipenda. Ukakaa barazani, mkoba mapajani. Nami nikakuambia tutaondoka alfajiri.

“Kwa nini alfajiri?”

“Taa haziruhusu.”

“Nitakusomea barabara, kama siku zote.”

“Safari ndefu, Mama Zuhura. Si Peramiho.”

“Basi tumwombe jirani gari lake. Yupo, naisikia redio yake.”

Nikasema haipendezi kumsumbua mtu jioni. Ukweli ni kwamba sikutaka jirani aniulize gari langu lina nini. Mabasi yalikuwa yameondoka tangu asubuhi, kwa hiyo hukuwa na njia nyingine isipokuwa mimi. Niliingia ndani kulala, na nilipoamka kwa swala ya alfajiri nilikukuta pale pale, mkoba mapajani, viatu miguuni.

Tungeondoka saa ile ya simu, tungefika saa nne usiku. Mama alifariki saa nane usiku huo huo. Saa hizo nne nimezifikiria kwa namna zote, na hakuna maneno ninayoweza kuyapanga yakazifanya ziwe za mtu mwingine.

Tulifika asubuhi ukamkuta amelazwa, amefunikwa shuka. Mama yako mdogo alikushika mkono akasema, “Kauliza mara tatu: Habiba kafika? Tukawa tunamwambia yuko njiani.” Hukulia kwa sauti. Ulitoa kichupa cha asali mkobani, ukakiangalia, ukakirudisha.

Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Mjomba wako aliniuliza mbele ya wanaume waliokaa kwenye mikeka, nawe ukiwa mlangoni na wanawake: “Mkwe, simu ilipigwa jana jioni. Imekuwaje mkafika mtu ameshakufa?” Niliinuka. Nilijua kuinuka, Mama Zuhura, na nilijua kupanga maneno. Nikasema, “Wazee wangu, kwa unyenyekevu mkubwa nawaarifu kwamba maandalizi ya upande wa mwenzangu yalichukua muda.”

Mjomba akageuka kukutazama. “Habiba, nawe. Mama yako anakata roho, unachagua nguo?”

Ulikuwa na haki ya kunijibu, na neno moja lingetosha. Ulinitazama, kisha ukavuta kanga kichwani ukaingia ndani. Nikakaa. Mzee aliyekuwa kando yangu akanipa pole kwa kuwa na mke mzito. Nikaipokea ile pole.

Siku ya tatu, nilipokuwa naondoka mchana, nilikungoja kando ya gari. Ulikuja bila mkoba. Ulisema, “Nenda. Barabara bado ina mwanga.” Nilidhani unabaki kwa ajili ya arobaini. Arobaini ilipita. Zuhura, mwanetu, akinipigia simu hunieleza habari zako kwa uangalifu, kama mtu anayebeba chombo kilichojaa, na sijathubutu kumuuliza kama utarudi.

Wiki iliyopita nilimpelekea gari Fundi Mapunda wa Msamala. Alifungua boneti, akapima kwa kifaa chake kwenye betri, kisha kwenye taa. Akaniambia, “Mzee, balbu hazina kosa. Umeme unatoka betri ukiwa mzima, unachoka njiani.” Nyaya zilikuwa nyembamba na zimezeeka, na waya unaofungwa kwenye bodi ulikuwa umeshika kutu. “Wewe ukaongeza balbu kubwa, ndiyo maana zikayeyusha.” Akapitisha kidole kwenye kioo cha taa. “Na hapa ulipaka nini?”

“Dawa ya meno.”

“Gari halina meno, mzee.”

Alivuta nyaya nene mpya kutoka kwenye betri, akaziwekea fyuzi na rilei, ili swichi iwe ya kuamrisha tu na umeme wenyewe upite njia fupi. Aliikwangua ile kutu hadi chuma kikang’aa. Akarudisha balbu za kawaida, zile zile nilizozilalamikia kwa kurasa tatu. Vioo alivisugua kwa msasa na maji, kuanzia ule mkali hadi laini kabisa, akavipaka dawa ya kuzuia jua. Jioni alinifuata nyumbani, akalielekeza gari kwenye ukuta wa jiko lako, akachora mistari ya chaki ya kupimia mwanga, usije ukawapofusha wanaokuja mbele.

Alipokuwa anakaza skrubu ya mwisho aliniuliza, “Sasa miaka yote hii usiku ulikuwa unaendeshaje?”

Nikamwambia, “Mke wangu alikuwa akinisomea barabara.”

“Basi leseni wamempa mtu siye.”

Kazi yote ilianza baada ya chai na, ukiondoa ile ya ukutani, iliisha kabla ya adhuhuri. Jambo nililolikwepa miaka mitatu lilikuwa la asubuhi moja. Ningekuwa nimekusikiliza ulipokuwa unachambua ile mboga, mama angekuona.

Siku hiyo hiyo giza lilipoingia niliendesha peke yangu kuelekea Namtumbo. Niliona barabara yote, pande zote mbili, hadi majani ya kando. Alitokea mbuzi mbali sana, nikasema kwa sauti, “Nimemwona,” nikigeukia kiti chako. Niligeuza gari nikarudi.

Kwa barua hii nawatamkia wazee wa Namasakata, na mjomba akiwa wa kwanza, kwamba mke wangu Habiba alikuwa tayari kabla yangu, alikaa usiku kucha akinisubiri, na aliyemchelewesha kwa mama yake ni mimi. Naomba isomwe na mtu mwenye sauti, wote wakiwepo. Wewe sikuombi unisamehe kwa ajili ya mama. Hilo si langu kuliomba.

Ombi langu ni hili. Natarajia kuondoka hapa Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa ile ile, na kufika Namasakata saa nne usiku, ili nirudie kwa mdomo wangu, kwenye mikeka ile ile, haya niliyoyaandika. Baada ya hapo, urudi nami au ubaki, ni uamuzi wako na sitaupinga kwa maneno. Mistari ya chaki ingali kwenye ukuta wa jiko lako; sijaifuta, kwa kuwa ukuta ni wako.

Naomba unijulishe, kupitia kwa Zuhura, kabla ya Ijumaa: nije, au nisije.

Mumeo,
Baba Zuhura
Ruhuwiko, Songea