Mkwe wa Ninawi

Jumapili, 9 Februari 2025

Leo nimefundisha! Najisifu, ndiyo — shajara ni yangu, na Mhaya asipojisifu ataugua. Darasa letu la Biblia la Kiswahili hapa Richfield, Minnesota, lilijaa hadi viti vikaisha. Somo: Waashuru. Walivyotoka Ninawi, wakachuna watu ngozi, wakawabeba Waisraeli utumwani, mwisho Mungu akawafuta. Susan, nesi mwenzangu Mkenya, akapaza sauti: "Mwalimu, next Sunday utushow vile walimalizwa!" Nikaahidi. Mfalme wao Senakeribu nje ya kuta za Yerusalemu, kulipokucha jeshi lake maiti tupu. Watakoma!

Kesho mwanangu Laurean anamleta mchumba wake nimwone. Nahrin. Mfamasia, wazazi wametoka Iraki, wako Chicago.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepika tangu alfajiri. Ndizi na nyama, kuku, maziwa mgando. Binti kaingia, kasalimu vizuri, kaketi — hajagusa kitu. Hata maji! Kwetu Bukoba ukikataa chakula cha mtu umemwita mchawi. Laurean akaona uso wangu. "Mama, she's fasting. I forgot to tell you."

Alisahau!

Mfungo gani, na Kwaresima bado? Nahrin akasema ni siku tatu za Ninawi, mpaka Jumatano jioni. Yona alipohubiri, mababu zake walifunga wakasamehewa. Nao hufunga kila mwaka, hadi leo. Mababu zako? Ndiyo mama, sisi ni Waashuru.

Nikabaki na upawa mkononi. Jana tu nimewafuta.

Jumatano, 12 Februari

Nahrin amekuja kufungua mfungo kwangu. Kala ndizi sahani mbili! Wajukuu wangu watakuwa Wahaya wa Ninawi. Nani mwingine Minnesota nzima ana wajukuu waliotajwa kwenye Biblia? Nimempigia dada Bukoba, akapiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

Halafu Laurean akaniharibia. Wakwe wanakuja, na Jumapili wanataka kunisikia nikifundisha. Yeye atawatafsiria. Akaniomba nibadili somo. Nikamwambia Neno halibadilishwi kwa ajili ya wageni, na mimi nikiahidi nimeahidi. Akaondoka bila kuaga.

Hajawahi kuondoka hivyo.

Jumamosi, 15 Februari

Wamefika, theluji mpaka magotini. Mama mtu kaingia moja kwa moja jikoni, kavua pete, kaanza kumenya ndizi nami. Nimempenda. Baba mtu mpole, anaitwa Yonan. Ndiye Yona, kwa lugha yao. Nikamuuliza: Yona yule aliyenuna kwa sababu mji wenu haukuteketea? Akacheka. Huyo huyo. Kwao jina hilo ni tele, maana asingekuja, wasingekuwepo.

Laurean amekula akiinamia sahani.

Jumapili, 16 Februari

Naandika chooni kanisani. Ukumbi umefurika, watu wamesimama hadi mlangoni — kwa ajili yangu! Yonan yuko kiti cha mbele, kavaa suti, ananitabasamia kama ndugu. Laurean pembeni yake, tayari kutafsiri. Haniangalii.

Susan anagonga. "Mwalimu, toka! Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!"

Utepe wa Biblia nimeutoa pale kwa Senakeribu. Nimeushika tu mkononi, sijui niurudishe pale pale au niuweke kwa Yona. Susan anagonga tena.