Jina la Anastazia kwa Herufi za Harusi

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekula, maana Baba Mdogo, ambaye najua ndiye anayekusomea, ameniandikia kwamba sahani unaisukuma tu. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Umeuliza kadi za harusi za marehemu dada yangu nilizifikisha wapi, unataka walau moja. Mama, nilikuwa nimeshaanza kuzichapa. Pale kiwandani tuna herufi za madini ya risasi, za kupanga mojamoja, za namna nyingi, ila iko namna moja ambayo tajiri wetu, yule Mhindi, haitoi mpaka kwa harusi. Mistari yake ya kusimama ni minene, myeusi tii, na ile ya kuunganisha ni myembamba kama unywele. Ukidondosha herufi moja, basi tena, imekatika. Tangazo la sabuni haliigusi. Nilipomwomba niitumie kwa Anastazia alicheka: "Haya, chukua. Lakini ukivunja, mie na wewe!"

Kazi ilinitoa jasho. Herufi zile zimeletwa kutoka Ulaya, na huko hawakujua Kiswahili kinavyokula "a". Sikufika hata kwenye jina la kanisa, kisanduku cha "a" kikawa kitupu. Ikabidi nichape nusu ya juu kwanza, yenye jina lake, kisha niivunje, ndivyo tunavyoita kuzitenganisha herufi, nipange ya chini kwa zilezile. Nusu ya juu ilikuwa imeshatoka, naisubiri ikauke, ndipo ikaja barua ya Baba Mdogo kwamba homa imemchukua na mmekwisha kumzika.

Nililia palepale nimesimama, mikono imejaa wino. Jina likabaki mezani limepangwa, hakuna aliyeligusa. Tajiri aliniambia, "Utalivunja mwenyewe, siku utakayoweza." Juzi akaja karani mmoja wa Kinondoni, anaoza binti yake. "A" hakuna. Nikalivunja, nikampangia binti wa watu. Nilimwonea wivu, Mama, wivu wa kweli, na wala simjui.

Nisalimie shangazi, na Baba Mdogo nimemwamkia. Yule kijana aliyekuwa amwoe, mwambie mimi bado namwita shemeji.

Sasa hili la mwisho. Kadi moja nimeikata, nimebakiza jina tu, imo humu ndani. Mpe seremala anayechonga msalaba aliige. Ila mwambie ile mistari myembamba aifanye minene, asione haya kuiharibu. Kwenye karatasi inapendeza, lakini mvua za huko Uluguru zitaifuta upesi, na mimi ruhusa sipewi mpaka Krismasi. Nataka nikifika nimkute bado anasomeka.

Ni mimi mwanao, uliyebaki naye,
Kalisti