Ukili wa Zuhura Darasani

Jumatano. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na sasa ni alasiri haijakata. Kichwa kinanigonga, koo limenikauka kwa maneno niliyoyasema leo. Hata moja silijutii.

Niliitwa skuli.

Maalim wa Zuhura alinisimamisha barazani, mwanangu ubavuni, kalowa, anachezea ncha ya buibui langu. Akanieleza kuwa hatulii. Katikati ya somo anainuka kwenda dirishani kutazama kunguru. Hesabu ya kwanza anaimaliza, ya pili anaiacha nusu, ya tatu kaimwagia wino. "Bi Asha," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "sikulaumu. Lakini mtoto huyu skuli haimfai. Mchukue nyumbani. Mtoto wa kike hakosi la kujifunza."

Nyumbani! Angejua nyumbani kuna nini.

Nyumbani kuna mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, mwenyewe wa kisiwa cha Fundo, aliyekwisha kata shauri: Zuhura akitolewa skuli tu, anavuka naye kurudi Fundo akakae kwake, akaokote chaza na mambo ya kusoma yaishe. Baba yake kaitikia. Mbele ya mama yake yule mume wangu hana mdomo.

Bi Mwanakombo anasema mtoto kakumbwa na shetani. Kanyweshwa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, kafungwa na hirizi mkononi. Hirizi kaivua, akamvika mbuzi. Mie nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kwa kicheko kile nilinuniwa siku nzima.

Shetani gani? Mwanangu ana mikono isiyotaka kukaa bure, basi.

Nililigundua hilo Ijumaa iliyopita. Nilikuwa uani nasuka ukili, ule utepe mrefu wa kushonea mkeka, yeye ananizunguka, jedwali la saba limemshinda. Kila akifika saba mara nne anamkumbuka paka. Nikamtupia ukindu naye asuke, angalau nipumue. Akakaa, akaanza kusuka, na huku anasuka jedwali likamtoka lote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Nikasema huyu kabahatisha. Nikampa la nane. Vidole vinakwenda, mdomo unahesabu. Nikamnyang'anya ukili nimjaribu, akapotea pale pale. Nikamrudishia, hesabu zikarudi.

Basi leo nilikwenda nao, nimeuficha ndani ya buibui.

"Maalim, muulize somo la asubuhi," nikamwambia.

Akajibu kwamba alikwisha muuliza, akamkodolea macho tu.

Nikamtia Zuhura ukili mkononi, pale barazani, mbele ya watoto waliojazana mlangoni kuchungulia. "Muulize sasa."

Lo! Zuhura akalitoa somo lote. Mvua inatoka wapi, mawingu yanafanya nini, kila kitu. Halafu akaunga na maneno Maalim aliyomgombezea mtoto wa dawati la nyuma, na pahala Maalim alipokohoa, naye akakohoa. Watoto wakaangua kicheko. Maalim mwenyewe midomo ilimcheza, akaibana.

Kisha akanikatalia.

Ati skuli si pahala pa kusuka mikeka. Ati na wenzake watataka. Ati mkaguzi akija ataambiwa nini. Damu ikanichemka. Nikamwambia: "Maalim, tangu nifike hapa unazungusha chaki vidoleni. Mbona wewe hujaambiwa uiweke chini?"

Akautazama mkono wake. Chaki ilikuwamo.

Wallahi nilidhani atanifukuza. Akaitia chaki mfukoni, mara mkono ukaifuata huko huko. "Mpaka mkaguzi aje," akasema mwisho. "Atakaa nyuma. Na takataka za ukindu atafagia mwenyewe."

Sikungoja abadilishe nia.

Niseme kweli, maana humu daftarini hanisikii mtu: njia nzima mpaka nyumbani Madungu nilikuwa nageuka nyuma, nisije nikaitwa tena. Mkaguzi sijui atakuja lini, wala sijui ni mtu wa namna gani. Akisema hapana, mwanangu wananichukulia. Naogopa. Lakini akija, atanikuta pale barazani nimesimama, na atanisikiliza kama Maalim alivyonisikiliza.

Nilipoingia ndani Bi Mwanakombo hata salamu hakuitikia vizuri. "Wamemtoa?"

"Hawajamtoa, mama."

"Watamtoa."

"Basi utangoja sana."

Sijapata kumjibu vile tangu nilipoolewa. Akashika kiuno, akaingia jikoni akavigombeza vyungu.

Zuhura yuko mbele yangu hivi sasa, kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, ukili mkononi, anaghani jedwali la tisa kwa sauti ya kuudhi majirani. Ukili umekwenda kombo katikati. Simkosoi.

Kila pande atakaloleta kutoka darasani nitaliweka. Yakitimia nitayashona mkeka, kombo zake na yote, niutandike barazani, na wa kwanza kukaribishwa ni Bi Mwanakombo. Nitamtilia kahawa. Nitamwacha akae, anyooshe miguu, anywe taratibu mpaka amalize, ausifu mkeka kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo ndipo nitakapomwambia umesukiwa wapi.