Mrusi wa Baba, Mwandiko Wako

Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Tukuyu, Rungwe.
2 Juni 2024

Mpendwa Dada Nusrat,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako limekubali ngazi, na Shemeji amepona kile kikohozi ambacho yeye hakubali kwamba ni kikohozi. Huku hatujambo. Mama anakula. Mvua haina habari kwamba Mei imekwisha. Kanzu niliyofua siku ya tatu ya msiba bado ina unyevu kwapani.

Mimi pia mzima. Sijalia bado. Nalisema kama mtu anavyosema hajala mchana, si kwa kujisifu wala kulalamika. Nafungua duka, napima mchele, nafunga duka. Wateja wananipa pole, nasema tumeshapoa, na mkono unaendelea kupima.

Swali lako nililipata kwenye simu siku ya pili baada ya maziko. Hukuuliza alikufaje, wala nani alikuja. Uliandika tu: "Walipouliza pale makaburini, wewe ulisema nini?" Nimechelewa kujibu kwa sababu simu ina kidirisha kidogo. Karatasi inanipa nafasi ya kuzunguka, na unanijua, bila kuzunguka sifiki.

Kwa hiyo nianze na Mrusi.

Wenzetu walikuwa na babu upande huu na babu upande ule. Sisi tulikuwa na Baba, na Baba alikuwa na Mrusi. Sijui kama wanao uliwahi kuwaeleza kwamba nyumbani kwetu jina la mwandishi wa kitabu kile alichokipenda Baba halikutajwa. Alikuwa Mrusi tu, kama jirani wa nyumba ya tatu. Mrusi kasema mkulima ndiye mwalimu wetu. Mrusi alivua nguo za kibwana akavaa shati la mkulima, akashona viatu kwa mikono yake. Baba akisema hayo, viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeng'arishwa na mimi.

Unakumbuka alivyokwenda shambani Kawetele kulima na vibarua ili afanane na Mrusi? Alilima tuta moja, akajisikia vizuri moyoni, akarudi mjini. Mzee Ambilikile, yule tuliyepakana naye mashamba, aliniambia miaka mingi baadaye kwamba tuta lile walilibomoa wakalilima upya. Hawakumwambia, kwa heshima.

Kitabu chenyewe, unajua kuliko mimi, hakikuwa chetu. Kilikuwa cha karani mmoja wa mgodini Kiwira, na karani alipopata uhamisho akakidai. Baba hakuweza kuachana nacho. Akanunua madaftari sita, akakukabidhi wewe, kwa kuwa mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulinakili likizo nzima, kwenye meza ya mizani, wateja wakija unaweka kalamu, wakiondoka unaishika.

Mimi nilikuwa mdogo, nakata vipande vya magazeti ya kufungia sukari, lakini nakumbuka siku alipokutia moyo kwa kusema kwamba hata mke wa Mrusi alikuwa akinakili vitabu vya mumewe kwa mkono, kile kinene amekirudia na kukirudia. Ukauliza, bila kuinua uso, "Na yeye mke aliandika nini cha kwake?" Baba akasema swali zuri. Halafu akaenda kuswali.

Mwaka uliofuata jina lako lilibandikwa ubaoni, umechaguliwa kwenda sekondari. Baba akasema dukani hakuna mtu. Ukabaki kwenye mizani ileile, na yeye amesimama mlangoni anawaeleza watu jinsi Mrusi alivyowafungulia shule watoto wa wakulima. Nawaza sana picha hiyo. Hakuwa akijificha. Alikuwa amekupa mgongo, basi. Miaka minne baadaye ulikuwa Lindi, una mume na sufuria zako.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda likakuudhi. Mimi Mrusi nampenda. Darasa la saba langu unalijua lilivyokwisha. Nilichosoma baada ya hapo nimekisoma kwenye karatasi za kufungia na kwenye madaftari yako. Nimeyasoma mara nne. Yumo mtumishi mmoja anayeshika mshumaa mabwana wakibishana habari za utu, na nta inamdondokea mkononi, na hakuna anayeona ila aliyeandika. Nilijiuliza mtu aliyeona hilo aliwezaje kurudi kwake akaandaliwa chakula na watumishi. Maana alifanya hivyo. Alihubiri mtu ajizuie, na nyumba imejaa watoto. Alihubiri upendo, na mkewe nasikia aliishi kwa machozi.

Nikaona nikitaka kusoma vya watu wasio na doa nitabaki na kalenda ya ukutani. Yale maneno ni ya kweli hata kama mdomo ulioyatoa haukuyala. Ila Mrusi namsoma kwa raha kwa sababu sikuzaliwa naye. Aliyeonewa naye ni mkewe, na mimi sikumwona. Wewe nilikuona.

Miezi ya mwisho Baba hakuona tena. Ikawa baada ya alasiri ananiita nimsomee, tukianza na daftari la kwanza. Alikuwa akiyajua kwa moyo. Nikiruka mstari ananirudisha. Tulipofika daftari la tano nikakwama, maana kuna kurasa mbili ambazo mwandiko wako umelala, herufi zinapandana, hazisomeki. Nikasema, kwa ubishi wangu, kwamba kumbe hata Nusrat alikuwa anachoka.

Baba alinyoosha mkono akalipapasa daftari. Kisha akasema, "Hapo alikuwa na malaria. Alisema kichwa kinauma. Nikamwambia amalize sura."

Nikangoja. Akaniambia niendelee na ukurasa unaosomeka. Kesho yake tulianza daftari la sita. Sikwambii kwamba hiyo ilikuwa toba, Dada. Nakwambia alichosema, na kwamba miaka thelathini na sita ukurasa ule alikuwa anajua uko wapi.

Alikufa Alhamisi asubuhi, kimya, kama alivyokuwa akifunga duka. Ijumaa kabla jeneza halijatoka, jirani yetu Bi Sophia alimwinamia Mama akamuuliza, kama ilivyo ada, kama amemsamehe mumewe. Chumba kizima cha wanawake kikangoja lile neno moja. Mama akasema, "Yangu nimemsamehe yote. Ya Nusrat si yangu, siwezi kuyatoa." Bi Sophia akajifanya hakusikia, akainua mikono kuomba dua. Mimi nilikuwa mlangoni na mkeka. Nilisikia.

Makaburini watu walikuwa wengi, hata Wakristo wa Kawetele walipanda na miavuli. Imamu akauliza mnamshuhudiaje ndugu yenu huyu, akauliza mara tatu kama desturi. Mara ya kwanza nilisema mtu mwema. Alinifundisha kusoma, wala sisemi uongo. Mara ya pili nilisema tena, kwa niaba ya Mama, kwa kuwa yake ameyasamehe. Mara ya tatu nikafunga mdomo.

Mzee Ambilikile, ambaye si Mwislamu na alikuwa akiitikia kwa sauti kuliko safu nzima, akanigusa kiwiko. "Anwari, umemeza ulimi?" Nikamwambia hii si ya kwangu. Akanisogezea mwavuli wake.

Jibu lako ndilo hilo. Mbili nimesema. Ya tatu sikuisema, na sikuikataa. Iko kwako. Arobaini ni tarehe ishirini na tano ya mwezi huu. Ukija, njoo, usipokuja hakuna mtu nyumba hii atakayeuliza, nimehakikisha. Ukiisema huko huko Lindi nimeridhika, na usipoisema kabisa nimeridhika vilevile.

Madaftari matano nayabakisha, bado nayasoma. Lile la tano, lenye kurasa zako mbili za malaria, nimelifunga kwenye nailoni, nimelituma kwa basi pamoja na barua hii, na majani ya chai kidogo ya Mama. Nyuma yake kulikuwa na kurasa kumi na moja tupu, ulizoziruka ulipohamia la sita. Sikuandika kitu humo, ni zako.

Nisalimie Shemeji, Shadya na mtoto wake, na Muddy, mwambie apunguze pikipiki. Huku Mama anakusalimu, na Mzee Ambilikile anasema ndaga, asante ya kwao, kwa dawa ya goti uliyomtumia mwaka juzi, goti limekataa lakini anashukuru. Mwenyezi Mungu akulinde na akupe usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa nimezunguka kulisema,

Anwari Jaffari