Aliyeleta Kompyuta ya Mwalimu Eufrazia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanakombo Khalfani Pazi
Umri: Miaka 36
Kabila na dini: Mzaramo, Mwislamu
Kazi: Kuuza programu za kompyuta kwa shule za binafsi
Makazi: Magomeni Mikumi, Kinondoni
Tarehe: 17/9/1996, saa nane mchana

Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimekubali, maana sina cha kuongeza wala kupunguza.

Ofisi yetu iko Magomeni. Tunatengeneza programu ya kutunza alama za wanafunzi na kutoa ripoti, na mimi ndiye ninayekwenda mashuleni. Bosi wangu, Bwana Kornelio, husema ukishauza umeuza, sasa kinachonirudisha Yombo na Mbagala ni nini. Mimi narudi. Nakaa na walimu, nakula nao makande, najua nani kaoza binti na nani anauguza. Shule ya Sekondari ya Mpingo, iliyoko Yombo, ndiyo ya kwanza kununua kwangu, na mkuu wake, Mwalimu Eufrazia Nambunga, amekuwa dada yangu.

Mnamo tarehe 17/9/1996, majira ya saa tatu asubuhi, nikiwa ofisini na fundi wetu Jabiri, aliingia mwanamume mwenye tai, nyuma yake mchukuzi kabeba kompyuta. Alijitambulisha kwa jina la Adelard, makamu mpya wa mkuu wa shule ya Mpingo. Alisema wamesahau neno la siri, na kwa kuwa mashine ikiwashwa huandika jina la ofisi yetu na mtaa, ameona aje. Alitaka tuifungue na kufuta vyote vilivyomo, eti shule inaanza upya.

Niliitambua kompyuta ile kabla hajamaliza kusema. Mwaka jana kitufe cha herufi A kilivunjika, kipuri hakikupatikana mjini kote, basi kaka yake Mwalimu Eufrazia, mchonga vinyago wa Mwenge, akachonga kingine kwa mti wa mpingo. Kipimo nilikichukua mimi kwa uzi. Nikaanza kupata wasiwasi. Alama za kidato cha nne za miaka miwili zimo humo, zinasubiri kupelekwa Baraza la Mitihani, na karatasi za majaribio wanafunzi walisharudishiwa. Zikifutwa, watoto wale hawana pengine pa kuzipata. Mwalimu Eufrazia hawezi kuagiza jambo hilo akiwa na akili zake timamu, na shule haina simu ya kumwuliza.

Hata hivyo siwezi kumwita mtu mwizi hivi hivi. Nilimkaribisha kiti nikaanza salamu. Nikaulizia walimu mmoja mmoja, yeye anaitikia tu wazima, wazima. Ndipo nikamwuliza, "Na mama yake Mwalimu Eufrazia, ile miguu imepungua kuvimba?"

"Anaendelea vizuri, dada. Jana tu nimempitia kumjulia hali."

Mama yule tulimzika mwezi wa tano. Mimi Mwislamu, wao Wakatoliki, lakini ugali wa msibani niliusonga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na sikuondoka hadi matanga yalipoanuliwa. Nasema wazi kwamba nilipandwa na hasira. Kumtaja marehemu kirahisi namna ile, na mimi nimemlilia.

Nilitoka nje na Jabiri, nikamnong'oneza akimbie hapa kituoni. Nikarudi, nikamwagizia mgeni soda, nikamweleza kwamba mashine hizi zina taratibu zake na hazitaki haraka. Akanywa ya kwanza. Nikamwagizia ya pili. Hakuwa ameimaliza askari walipoingia, na kwao ndipo nilipopata habari kwamba ofisi ya shule ilivunjwa usiku wa kuamkia leo.

Alipokuwa anafungwa pingu alinitazama akasema, "Wewe si unauza programu tu? Ya shule yanakuhusu nini?"

Sikumjibu pale, namjibu hapa. Yananihusu. Alidhani muuza programu ni kama muuza sigara, hana habari na mvutaji, ndiyo maana akaileta mali ya wizi kwa mtu aliyekula na kulia na wenyewe.

Afande ameniuliza kwa nini sikumdai barua ya utambulisho. Barua angeniletea, hata ya kughushi. Msibani hakuwepo.

Niliambiwa kompyuta itabaki kituoni kama kielelezo mpaka kesi iishe. Nilishtuka sana, kwa sababu mtihani hausubiri kesi. Nikaomba niiwashe mbele ya afande na kutoa nakala ya alama kwenye disketi, bila kugusa kingine. Afande alimwuliza mkuu wake, wakakubali. Nimepitia majina yote ya kidato cha nne, hakuna mtoto aliyepotea. Najivunia kazi yangu, na naomba iandikwe hivyo hivyo bila kupunguzwa.

Niliyoyashuhudia ni hayo. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni maneno yangu, natia sahihi.

(Sahihi) M. K. Pazi

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Nikodemu, yakasomwa mbele ya shahidi. Mlalamikaji, Mwalimu Eufrazia Nambunga, alipelekewa taarifa na kituo cha Temeke, akafika hapa saa kumi jioni. Alitakiwa kusaini kupokea disketi mbili. Hakuweza kusaini kwa wakati huo, kwa kuwa alikuwa amemkumbatia shahidi kwa mikono yote miwili. Amesaini baadaye.