Aliyekwenda Kutafuta Kuni

Mpendwa mama,

Leo nimegombana na shefu wangu wa kazini kwa ajili yako.

Unakumbuka ile siku kambini, tuliporudi mimi na wewe kutoka msituni na mizigo ya kuni, tukakuta watu wa anketi, wale wanaouliza nani ana njaa, wameshapita na maswali yao? Kura ya kuchagua wa kuulizwa ilikuwa imeangukia hema letu. Hawakutukuta, wakaandika majibu ya jirani badala yetu, ambaye mumewe alikuwa akimletea unga. Wakaona sisi wapya tuna afadhali, mgawo ukaenda kwingine. Ulitua mzigo, ukafuta paji la uso pale kamba ilipokukata, ukasema: "Mutu akienda kutafuta chakula, banaandika kama hana njaa." Mimi nilicheka. Uliendelea kwenda msituni mpaka siku ambayo hukurudi, na kwa kicheko kile sijajisamehe.

Sasa kazi yangu ni kuchambua majibu kama yale. Tuligawa watu makundi matatu: wenyeji wa hapa Murara, waliokimbilia hapa zamani, na waliofika juzijuzi. Kila kundi likapigiwa kura yake, ili nyumba chache zisemee zote. Asubuhi hesabu zikaniambia kwamba waliofika juzi wanakula vizuri kuliko wote. Maji hayapandi mlima, mama. Nikafungua fomu moja moja. Katika kundi hilo, karibu nusu ziliandikwa pembeni: hayuko, ameulizwa jirani.

Shefu alitaka ripoti kabla ya saa tisa, maana magari ya chakula yalikuwa yanapangwa. Akasema jirani ni jirani, wote wanalala chini ya turubai moja. Nikamjibu sitatia sahihi, anifukuze akitaka. Akatazama saa, halafu akatupa siku mbili za kurudi kambini kuwauliza wenyewe.

Jioni nikafika kwenye hema la kwanza la orodha. Jirani akatoka haraka: "Hayuko. Muniulize miye." Nikamshukuru, nikakaa juu ya jiwe. Milio ya silaha ilisikika upande wa kaskazini, huko huko kwenye kuni, na niliogopa kama nilivyokuogopea wewe. Kila mama aliyetokea na mzigo nilimtazama usoni. Mwishowe akaja mwenye hema, mgongo umepinda, kamba kwenye paji la uso. Akaniuliza ninamtafuta nani.

"Ni weye, mama," nikasema. "Nilikuwa nakungojea."

Pumzika, mama. Kesho nitafika hema la pili alfajiri, kabla mwenyewe hajaondoka.

Binti yako, uliyebeba naye kuni,
Masika