Mama wa Meza ya Pembeni

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Liuli tunaendelea, ila bibi yako bado anakohoa. Umeuliza utawashikaje wateja wa hoteli wanaopiga soga huku wewe unaimba.

Nilipokuwa napiga gitaa kwenye hoteli moja karibu na stendi ya Mbinga, tulizoea kumwita kwenye kipaza sauti yeyote aliyekaa kimya. Mchana mmoja nikasema, "Mama wa meza ya pembeni, inuka ucheze."

Akajibu taratibu, "Kaka, nasubiri gari la kumpeleka mwanangu nyumbani. Yuko mochwari."

Nikapiga polepole, bila kuimba, mpaka gari lilipofika. Hakuna aliyeondoka. Sijawahi kusikilizwa vile tena.

Wewe watazame watu kwanza. Mimi niliona tu kwamba hachezi.

Babu yako